Maharagi Yasiyochambuliwa

Goma, Murara, tarehe 12 Oktoba 2025

Bibiche mwanangu,

Ni mimi Nshobole, mama-mukwe wako. Jambo sana kwako, jambo kwa mujukuu wangu Exaucée, jambo kwa dada yako Ange aliyewapokea huko Kigali. Sisi huku tuko. Kuku mweusi ametotoa vifaranga saba, panya amekula viwili, nami niko namutafuta huyo panya. Mvua imenyesha siku tatu. Goti langu linasema linavyosema.

Anayeandika ni papa Fortunat, sakristani wetu. Wewe unamujua. Nimemuambia: andika vile ninasema, usinipambie. Anasema sawa, lakini naona anaandika maneno marefu kuliko ninayotoa. Nimemuangalia vibaya. Sasa anaandika mafupi.

Usiseme tena nipige simu. Kwa simu wewe unasema allo, mimi nasema allo, kisha nalia, na yuniti zinaisha. Carlos dereva anavuka mupaka na gari yake kila wiki. Barua haikatiki katikati.

Sasa niambie. Wameshamupasua mutoto? Waliposema hapa Goma kwamba mashine ya jicho kama hilo haiko, nilifikiri wanatufukuza. Kisha mukatoka asubuhi ile, naye akageuza kichwa chote ili anione, kama kuku. Nimeona hicho kichwa kila siku tangu mutoke.

Dokta akiuliza, mwambie alianguka kwenye mawe nyuma ya choo. Mawe ya volkano, huku ni mawe tu. Hakuna zaidi.

Marehemu mwanangu Constant alituachia huyu mumoja. Umuangalie.

Nshobole

*

Kigali, tarehe 17 Oktoba 2025

Mama,

Salamu nyingi. Ange anakusalimia, anasema ile sombe ya majani ya muhogo uliyotuma ilikwisha siku ileile. Pole kwa goti. Pole kwa vifaranga.

Wamemupasua juzi. Saa mbili na nusu ndani, mimi nje na rozari. Ametoka mwenye bandeji kubwa, akaniuliza kama Koko amekula, yaani wewe bibi yake. Ndilo neno lake la kwanza.

Dokta Niyonsenga ni mutu mupole, anaeleza. Amesema nyuma ya jicho kuna ngozi nyembamba sana inayoshika picha. Nilipoona sielewi, nikamuambia nyumba yetu ni ya mbao na ndani tumebandika kartoni ukutani. Akacheka, akasema njo vilevile kabisa: jicho lilipigwa, kartoni ikachanika kadogo, maji yakapita nyuma yake, ikaanza kubanduka. Kila siku inabanduka zaidi. Ndiyo maana mutoto alikuwa anasema kuna pazia linashuka. Sasa wametoa maji, wamebandika upya na moto wa mwangaza, na wamejaza ndani ya jicho hewa ya pekee ili isukume kartoni ukutani mpaka ishike.

Lakini hewa inapanda juu siku zote, Mama. Ili isukume nyuma, lazima Exaucée aangalie chini. Usiku na muchana, wiki mbili. Anakula akiangalia chini, analala kifudifudi. Siku mbili tu zimepita na tayari nimechoka kumugombeza. Mutoto wa miaka tisa! Kila Ange akipita na kitu, anainua kichwa. Dokta amesema tusipoheshimu hii, kazi yote inaweza kuharibika na hataona tena upande ule.

Kitu kingine. Dokta ameuliza mara tatu ni nini kilimupiga. Anasema jiwe linachana ngozi, na ngozi yake haina hata kovu. Anasema ni kitu chenye nguvu na kisichokata, mupira, ao kamba, ao fimbo. Exaucée anasema jiwe. Anasema haraka sana, anaangalia pembeni. Mama, mwalimu wake Gauthier ana ule mupira wa bomba anaowachapa nao watoto. Na ni yeye aliyekuja kwetu kusema mutoto hasomi ubao vizuri. Alijuaje? Mutu anajuaje kitu kama hicho?

Kama unajua kitu, uniambie.

Bibiche

*

Goma, tarehe 18 Oktoba 2025

Mwanangu,

Carlos amefika leo asubuhi na Fortunat amenisomea barua mara mbili. Mara ya pili nilimuambia aanzie kwenye kartoni. Hiyo nimeelewa. Hiyo mungeniambia tangu mwanzo. Kartoni ya chumba chako pia ilibanduka na mvua hii, nimeibandika jana kwa uji wa ngano, nikaegemea na mugongo mpaka ikakauka. Kwa hiyo hewa ni mugongo. Mwambie Dokta wako nimemuelewa, na Mungu amubariki mikono, na mama aliyemuzaa.

Sasa sikiliza, acha kumugombeza mutoto. Umeanza kugombeza, atainua kichwa akuangalie, si njo hivyo? Mutoto haangalii chini kwa sababu umesema. Anaangalia chini kwa sababu chini kuna kitu.

Carlos amebeba mufuko. Ndani kuna maharagi ya Rutshuru, yale mekundu. USIYACHAMBUE. Nimemuambia Fortunat aandike hilo na herufi kubwa. Nimenunua yale machafu kwa kusudi, muuzaji ameniona kichaa. Nimeongeza na mawe kadogo kutoka uani. Muweke Exaucée kwenye mukeka, weka ungo chini ya uso wake, achambue. Jicho moja linatosha kwa hiyo kazi. Mwambie Koko anataka kujua mawe mangapi kila siku. Akisema amechoka, mwambie Koko amesema atampa yule kuku mweusi na vifaranga vyake vyote. Akimaliza, changanya tena. Mimi nilikulia hivyo, na shingo yangu bado iko.

Ile habari nyingine, usimuguse Gauthier. Ule mupira wa bomba ni wa kupiga meza, watoto wote wanajua. Yule ni mwalimu muzuri.

Fortunat anauliza kama kuna kitu cha kuongeza. Hakuna.

Koko wenu

*

Kigali, tarehe 2 Novemba 2025

Mama,

Salamu. Hapa ni mvua na baridi kadogo. Leo tumewaombea wafu wetu, tumemutaja Constant.

Sijui nikushukuru namna gani. Wiki mbili zimekwisha, na tangu maharagi yafike hajainua kichwa ila kwa dawa. Siku ya kwanza mawe thelathini na moja. Siku ya pili akaanza kuyapanga, mawe ya Koko upande huu, mawe ya muuzaji upande ule. Anasema anayajua yako kwa sababu ni meusi. Wagonjwa wengine walikuja kuangalia. Kuna muzee mumoja aliyepasuliwa siku moja naye, naye ana hewa. Mukewe ameenda kununua maharagi. Dokta Niyonsenga alipopita akasimama, akauliza nani amefanya hii. Exaucée akamujibu akiangalia ungo: "Ni Koko, anakaa Goma, hajasoma." Dokta akasema, "Hajasoma wapi?"

Jana wameangalia. Kartoni imeshika. Anaona mukono wangu ukipita. Anasema ni kama kuangalia ndani ya beseni la maji linalotingizika.

Lakini hatutarudi sasa. Najua unatungojea mwisho wa mwezi. Haiwezekani, na usifikiri nadanganya. Ile hewa inavimba mutu akipanda juu. Barabara ya kurudi inapita milimani, unajua vile masikio yanaziba pale juu kabla ya kushuka Gisenyi. Pale jicho linaweza kujaa na kufa ndani ya saa moja. Hata ndege hapana. Lazima tungojee hewa iishe yenyewe, karibu miezi miwili tangu apasuliwe. Wamemufunga kikaratasi kwenye mukono, kila munganga akisome.

Na sasa hii. Nimemuandikia directeur wa shule. Barua iko kwa bahasha ya pili, Carlos ataileta pamoja na hii. Ndani nimeandika jina la Gauthier na nimeomba afukuzwe. Exaucée bado anasema jiwe, lakini nikimutaja mwalimu analia. Mama anayelea mutoto peke yake hawezi kunyamaza. Papa Fortunat, tafadhali, umupelekee directeur mwenyewe mukononi.

Bibiche

*

Goma, tarehe 6 Novemba 2025

Bibiche,

Bahasha ya directeur iko hapa chini ya sahani. Fortunat alitaka kuipeleka, nimemukataza.

Leo nimemuambia: utaandika kitu, na ukishaandika utakisahau. Akasema yeye si padri. Nikasema na mimi siko kwenye kitubio, niko jikoni kwangu, andika. Amevua lunette zake za macho, amezipangusa, amezivaa. Tunaanza.

Miezi hii yote sikusema kwa sababu sina mukono wangu mwenyewe wa kuandika. Kila neno langu linapita kwa mudomo wa mutu, na mutu huyo nitamuona Jumapili kanisani. Hiyo ni sababu. Si sababu nzuri.

Ilikuwa Agosti. Wewe ulikuwa sokoni. Mutu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, alikuja kuchukua mifuko yangu miwili ya makala ya kupikia kupeleka Keshero. Nikasema nafunga mwenyewe, yeye anafunga kama mutu ambaye hatarudi. Nilitoa kauchu yetu, ile kamba ya mupira tuliyokata kwenye chambre à air ya gurudumu la zamani. Exaucée akashika upande ule, mimi huu. Akaniambia, "Koko, imechanika hapa." Nikamuambia, "Shika, acha uvivu." Nikavuta na nguvu zangu zote.

Ilikatika pale alipoonyesha. Kipande kilichobaki kwa mukono wangu ndicho kilichoruka.

Hakulia. Alikaa chini kwenye mawe akauliza, "Koko, uko wapi?" Nilikuwa mbele yake.

Niliosha na maji ya chumvi. Jioni lilikuwa jekundu, asubuhi jeupe, nikasema Mungu ni mukubwa. Nikamuambia, mwambie mama ulianguka. Akasema ndiyo. Mimi nilimupa huo uongo, na ameubeba mpaka Kigali, mpaka chini ya kisu, vizuri kuliko mutu mukubwa. Ukimutaja Gauthier analia kwa sababu anajua si yeye na hawezi kusema.

Kisha Septemba akaanza kugonga mulango, kumwaga maji, kukanyaga vifaranga. Nikasema ni uzembe. Gauthier aliona siku ya nne ya shule. Alimufunika jicho moja na daftari, akamuuliza vidole vingapi, kisha akaja hapa kwa miguu. Unauliza alijuaje. Alijua kwa sababu aliangalia. Mimi nina mutoto huyu tangu azaliwe, sikuangalia. Siku ile ya kauchu mwenye macho kwangu alikuwa mutoto peke yake.

Sikusema kwa sababu niliogopa. Constant hayuko tena. Hakuna kitu kinachokufunga kwangu. Nilisema, akijua, atamuchukua mutoto na kwenda zake, na ana haki.

Sasa umejua. Bahasha yako nitakurudishia kama bado unaitaka.

Fortunat ameacha kuandika mara mbili. Ni mutu muzuri. Nampa sombe.

Nshobole

*

Goma, tarehe 7 Desemba 2025

Bibiche,

Carlos amevuka mara nne na mikono mitupu. Anasema muko wazima. Nimemuuliza kama alikuona, anasema alikuona. Nimemuuliza uso wako ulikuwaje, anasema yeye anaangalia barabara.

Sikuulizi kitu. Nakutumia unga wa muhogo, chumvi, na kitambala cha kichwa cha Exaucée, ili jua lisimupige jichoni. Fortunat anakusalimia. Kuku amebaki na vifaranga vinne. Panya nimemuua.

N.

*

Kigali, tarehe 19 Desemba 2025

Mama,

Nilisoma barua yako kwenye ngazi za lopitali. Nikaichana. Kisha nikaokota vipande, nikavibandika na dawa ya meno, kwa sababu sikuwa na kitu kingine. Uone vile nilikuwa.

Nimekasirika wiki tano. Sikasiriki kwa kauchu, kauchu inakatika kwa kila mutu Goma. Nimekasirika kwa sababu ya uongo, kwa sababu ungesema mapema labda tungekuja mapema. Nilimuambia Ange tutabaki huku. Ange akaniambia, "Bakia, lakini usiniulize kila asubuhi kama Carlos amefika."

Nilimuuliza Exaucée. Nikamuambia, Koko amesema yote. Akauliza, "Amekuambia yeye mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akatoa pumzi kama mutu aliyetua bidon ya maji kichwani.

Na mimi nina langu. Hakuna aliyeniuliza. Septemba, mafuta ya mawese yalimwagika kwenye meza, unakumbuka? Nilimupiga kofi. Nilimupiga upande wa kushoto, upande wa jicho lile. Hakuliona likija, Mama. Alishangaa tu, kama mutu aliyeguswa gizani. Nilikuwa najua tangu siku dokta alipoeleza lile pazia kwamba kofi langu labda lilizidisha, na sikukuandikia. Niliandika jina la Gauthier badala ya langu.

Kwa hiyo tuko wawili. Ile bahasha, uichome.

Sasa habari. Jana Dokta Niyonsenga ameangalia na taa yake, muda mrefu, na amesema hewa imekwisha yote. Kartoni imeshika kila kona. Amekata kikaratasi cha mukono na makasi, Exaucée amekiomba akiweke. Nikuambie kweli: jicho hili halitakuwa kama lingine. Herufi kubwa anasoma, ndogo hapana. Atavaa lunette. Kila miezi mitatu turudi. Lakini anaona mulango, anaona ngazi, anaona mutu anayekuja upande ule. Dokta anasema wengi wanafika kwake pazia limeshashuka lote. Nimemuambia ni mwalimu aliyeona mapema. Akasema, "Mumushukuru huyo mwalimu." Nikainama.

Carlos atatupitisha milimani Jumanne tarehe 23. Dokta ameruhusu. Tunakuja nyumbani.

Exaucée anataka kuongeza. Namuachia bic.

*Koko, ni mimi. Nimefunika jicho lizima na mukono wa mama mudogo Ange ili nisiibe. Nimechambua sahani moja na jicho la kushoto peke yake. Nimepata mawe tisa. Mama akapata mengine manne nyuma yangu lakini yalikuwa madogo sana. Nakutumia moja, liko kwenye karatasi. Ni jeusi. Ni lako. Kuku bado ni wangu? Exaucée.*

*

Goma, tarehe 21 Desemba 2025

Wanangu,

Carlos amefika, amenipa karatasi mukononi, na jiwe likaanguka. Fortunat na mimi tumelitafuta chini ya meza nusu saa, yeye na lunette zake, mimi na macho yangu ya kuzeeka. Sasa liko limefungwa kwenye pindo la kitenge changu na halitoki.

Kuku ni wako. Vifaranga vyote vinne. Umechunga neno langu kuliko nilivyostahili, kwa hiyo neno hili la kuku nalo nitalichunga.

Bibiche, ile ya kofi nimeisikia. Fortunat aliisoma polepole. Hatutaisema tena mbele ya mutoto. Ukitaka kuilia, njoo uilie kwangu, nina nafasi.

Bahasha nilikuwa nimeshaichoma kabla hujasema. Na kauchu pia, kipande kilichokuwa chini ya kitanda changu tangu Agosti, kilinuka nyumba nzima. Kisha nikaenda shuleni kwa miguu na hili goti. Nikamuambia Gauthier kila kitu: nilichofanya mimi, ulichoandika wewe, na mahali bahasha ilipokaa. Nikafikiri sasa atanifukuza. Akauliza tu, "Anaona ubao?" Nikasema herufi kubwa. Akasema, "Nitaandika kubwa." Bibiche, nililia pale mbele ya watoto arobaini. Mumoja akanipa kiti.

Mungu ashukuriwe kwa huyo. Ashukuriwe kwa Dokta ambaye sitamuona, mumushike mikono kwa niaba yangu kabla mutoke, yote miwili. Kwa parokia iliyochanga pesa za kumupasua, kwa Ange, kwa yule muzee na maharagi yake. Hata kwa Carlos, ambaye anajua tu kuangalia barabara: Jumanne aiangalie vizuri, na pale juu masikio yakiziba aende polepole, hata kama hewa imekwisha.

Maharagi ya Noeli yako kwenye ungo. Sijachambua hata moja. Exaucée akichelewa, tutakula mawe, na Fortunat, ambaye amejialika mwenyewe, ana meno matano tu.

Jumanne nitakuwa pale bariera kubwa ya mupaka tangu asubuhi. Musimutangazie Exaucée. Musimuonyeshe kwa kidole. Nitasimama upande wake wa kushoto.

Koko